Majani mtoni: mwongozo kamili wa kupima nani anayala na yanameng'enywa vipi

Mdudu wa kijitoni anayetafuna majani hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ya kuyameng'enya. Kabla hajayagusa, maji yameshachukua sukari, kuvu zimeshalainisha kuta za seli, na bakteria wamejipanga juu ya uso wa jani. Ukitaka kupima mmeng'enyo huo lazima utenganishe kazi ya maji, ya kuvu na ya wanyama, la sivyo utamsifu mdudu kwa kazi ya kuvu, au utasema kijito hakina walaji wa majani kumbe wanakula usiku.

Mwongozo huu ni kwa vijito vya nyanda za juu za Afrika Mashariki: vyembamba, vyenye kivuli, maji ya nyuzi 12 hadi 20 za Selsiasi, kama vile matawi ya juu ya Mto Njoro au ya Mto Mara yanayotoka Mau, au vijito vya Usambara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu vijito vya nyanda za juu za Kenya ulikuta walaji wa majani wachache kiasi cha kuuliza kama tropiki inao kweli. Mwaka 2014 utafiti mwingine, nao wa nyanda za juu za Kenya, ulipasua matumbo ya wadudu na kuangalia walichokula badala ya kukisia kwa sura zao, ukakuta kundi pana la walaji wa majani. Tofauti kubwa ilikuwa ya njia iliyotumika. Ndiyo maana hapa njia inaelezwa kwa kirefu.

Jani linapitia nini

Saa 24 hadi 48 za kwanza ni za kuchujuka. Sukari, potasiamu na fenoli nyepesi hutoka bila msaada wa kiumbe chochote, na jani laini linaweza kupoteza hadi robo ya uzito wake mkavu. Jani lililokaushwa kwanza hupoteza zaidi kuliko bichi, kwa kuwa kukauka kumepasua utando wa seli.

Kisha huja kuvu za majini, zile alizozieleza C. T. Ingold huko Uingereza mwaka 1942. Mbegu zake nyingi zina mikono minne iliyotawanyika, umbo linalonasa kwa urahisi kwenye jani maji yakiwa mbioni. Kuvu hupenyeza nyuzi ndani ya jani na kumwaga vimeng'enya: vya kuyeyusha pektini inayogandisha seli pamoja, vya zailani na vya selulosi, yaani nyuzi za kuta za seli. Lignini, ile inayoupa mti ugumu, hubaki karibu kama ilivyo. Wiki mbili hadi nne baadaye jani limelainika na naitrojeni imepanda kwa kulinganisha na kaboni, kwa sababu sasa lina mwili wa kuvu ndani yake.

Hapo ndipo wanyama wanapolitaka, na kila mmoja ana tumbo lake.

Buu wa tipula (mtoto wa yule mdudu anayefanana na mbu mkubwa mwenye miguu mirefu asiyeuma) ana utumbo wa kati wenye alkali kali, pH zaidi ya 10. Alkali hiyo inavunja fungo kati ya tanini (kemikali chungu ya majani) na protini, kwa hiyo protini ambayo ingepita bure inapatikana. Vimeng'enya vyake mwenyewe vinashughulikia zaidi protini. Mabaki yenye nyuzi huingia kwenye utumbo wa nyuma uliovimba, ambako bakteria huyachachusha na kutoa asidi kama asetati, nayo mdudu huifyonza.

Buu wa trikoptera (mdudu wa majini ambaye akikomaa hufanana na nondo anayeruka) anayejijengea kijumba cha vipande vya majani au mchanga, hasa jamii za Lepidostomatidae na Pisuliidae, hana chumba kikubwa cha kuchachushia. Hula sana na kupitisha sana, akitegemea kuvu zilizomo ndani ya jani. Baadhi ya walaji wa majani huendelea kufaidi vimeng'enya vya kuvu walivyomeza pamoja na jani, maana vimeng'enya hivyo havifi papo hapo tumboni.

Kaa wa maji baridi, *Potamonautes*, hukata kwa magando na taya, kisha husaga mara ya pili tumboni kwa meno magumu. Tezi kubwa ya rangi ya manjano au kahawia iliyo chini ya gamba humwaga juisi ya mmeng'enyo. Krasteshia wa jamii ya kaa na kamba wana jeni zao wenyewe za kutengeneza kimeng'enya cha selulosi, jambo ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa ni la bakteria peke yao. Kaa mkubwa mmoja anaweza kumaliza majani ambayo mabuu kadhaa hawayamalizi, na kila anayechunguza vijito vyetu bila kumhesabu kaa anahesabu nusu.

Konokono wa jamii ya *Lymnaea* hukwangua kwa ulimi wenye meno, kisha husaga kwa firigisi iliyojaa chembe za mchanga. Ukimfuga kwenye chombo kisicho na mchanga, mmeng'enyo wake unaharibika na vipimo vyako pia.

Walaji wengi wa majani hufyonza chini ya robo ya wanachomeza. Kinachobaki ni kinyesi, chembe chini ya milimita 1, na hicho ndicho chakula cha wachujaji walio chini ya mkondo: mabuu wa usubi (*Simulium*) wenye vichujio viwili kama feni kichwani, na trikoptera wafumao nyavu. Tumbo la buu wa usubi nalo lina alkali kali. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya dawa ya bakteria *Bacillus thuringiensis israelensis* imuue na kuwaacha wengine wengi: fuwele zake huyeyuka kwenye alkali.

Vifaa

Kwa jaribio moja la aina moja ya jani utahitaji:

- mifuko 20 ya matundu ya milimita 10. Mifuko ya neti ya vitunguu ya sokoni inafaa ikiwa matundu yake ni ya milimita 5 hadi 10; pima kwa rula, maana yanatofautiana;
- mifuko 20 ya matundu ya milimita 0.5, ya kitambaa cha nailoni. Chandarua hakifai, kwa kuwa matundu yake ni zaidi ya milimita 1 na mabuu wadogo hupenya;
- mafungu 20 ya majani yasiyo na mfuko, yaliyoshonwa kwenye vikonyo kwa uzi wa kuvulia, kwa ajili ya kaa;
- mifuko 4 ya ziada ya kupima kinachopotea njiani;
- nondo za milimita 10 au 12, urefu wa sentimita 60, na kamba ya manila au ya nailoni;
- mizani ya gramu 0.01 kwa mifuko, na ya miligramu 0.1 kwa jaribio la ulaji;
- tanuri la kukaushia la nyuzi 60 na tanuru la kuchomea la nyuzi 500 hadi 550;
- chekecheo la milimita 0.5, trei nyeupe, vibano, alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, kikasha cha barafu;
- hadubini ya kupasulia na hadubini ya kawaida inayokuza mara 400.

Vibali vitangulie. Tume za sayansi ndizo hutoa vibali vya utafiti: Kenya ni NACOSTI, Tanzania ni COSTECH, na ndani ya msitu wa hifadhi utahitaji pia ruhusa ya wanaousimamia. Zungumza na watu wanaochota maji na kunywesha mifugo pale pale kabla ya kufunga chochote. Mifuko mizuri ya nailoni ikionekana haina mwenyewe huondoka. Vaa viatu vya mpira na glavu palipo na konokono wengi na maji yaliyotulia, kwa ajili ya kichocho.

Majani: kuchagua, kukusanya, kupima

Tumia mti ulioko ukingoni mwa kijito chenyewe. *Dombeya goetzenii*, *Syzygium cordatum* na *Vangueria madagascariensis* ni miti ya kingo za vijito vya Bonde la Ufa nchini Kenya. Kwingine kuna mkuyu. Ukitaka kulinganisha na mkaratusi, ambao siku hizi umejaa kando ya mito, weka seti ya pili kamili. Usichanganye majani mawili kwenye mfuko mmoja katika jaribio la kwanza: ulaji wa jani moja hubadilika kwa sababu ya jirani yake, nawe hutajua lipi limefanya nini.

Okota majani yaliyoanguka au yaliyo karibu kuanguka, yanayong'oka kwa kuguswa tu. Ukichuma mabichi unapima chakula ambacho kijito hakipati kwa kawaida, maana mti hurudisha naitrojeni kwenye matawi kabla ya kuliachia jani. Tupa yenye matundu ya viwavi na yenye ukungu. Yakaushe kivulini, sehemu yenye hewa, siku 7 hadi 10, ukiyageuza kila siku, hadi uzito usibadilike tena. Juani huwa makavu mno na huvunjika.

Pima gramu 5.00 kwa kila mfuko na uandike uzito halisi, hata ukiwa 4.97. Nyunyizia majani maji kidogo kabla ya kuyaingiza ili yasivunjike. Ndani ya kila mfuko weka namba iliyoandikwa kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa, wino hupotea. Chukua sampuli ya gramu 20 ya majani hayo hayo, ikaushe kwa nyuzi 60 saa 48, kisha ichome, ili ujue unyevu na majivu ya mwanzo.

Kuweka mifuko kijitoni

Chagua kipande cha mita 50 chenye mikondo ya haraka yenye mawe. Kwenye vidimbwi matope hufunika mfuko, oksijeni huisha ndani na kuvu hulala. Huko utapima matope.

1. Gonga nondo nne, kila moja kwenye mkondo wake wa haraka, hadi zibaki sentimita 15 juu ya changarawe. Kila nondo ni rudio moja.
2. Kwenye kila nondo funga kamba tatu: moja ya mifuko ya matundu makubwa, ya pili ya matundu madogo, ya tatu ya mafungu yasiyo na mfuko. Kila kamba ibebe vitano, kimoja kwa kila tarehe ya kukusanya.
3. Acha sentimita 20 kati ya mfuko na mfuko ili usizibe wenzake. Weka jiwe la ukubwa wa ngumi juu ya kamba, si juu ya mfuko.
4. Mifuko 4 ya safari itumbukize majini, itoe mara moja, rudi nayo. Tofauti yake na uzito wa mwanzo ndiyo hasara ya kubeba.
5. Weka kipimajoto kinachojiandikia. Kama hakipo, pima asubuhi na alasiri kila unapofika.

Tarehe nzuri za kukusanya ni siku ya 2, 7, 14, 28 na 56. Siku ya 2 inakupa kiwango cha kuchujuka, na bila hiyo kila kinachofuata kinakuwa cha kukisia. Kwa majani magumu kama ya mkaratusi ongeza tarehe ya siku ya 84.

Msimu ni uamuzi wa msingi. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zinaweza kuzoa seti nzima usiku mmoja. Juni hadi Septemba ni salama zaidi katika maeneo mengi, lakini nyanda za juu za magharibi mwa Kenya hupata mvua hata miezi hiyo, basi angalia mvua za mahali penyewe badala ya kalenda. Mafuriko yakija katikati ya jaribio, andika tarehe na usijaribu kuyasahihisha kwa hesabu. Nguvu ya maji huchana majani kwa namna isiyofanana na mdomo wa mdudu.

Kukusanya na kuosha

Kabla ya kunyanyua mfuko, ingiza neti ya milimita 0.5 chini yake upande maji yanakoelekea. Ukinyanyua bila neti, wadudu huachia na kuondoka na maji katika nukta ya kwanza, na wanaoachia haraka zaidi ni wale wa vijumba unaowatafuta. Tia mfuko pamoja na kilichobaki kwenye neti ndani ya mfuko wa zipu wenye maji kidogo ya kijito, kisha kwenye barafu.

Osha ndani ya saa 24. Suuza kila jani kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu juu ya chekecheo, ukitumia vidole, bila brashi. Vijani vilivyovunjika vikubwa kuliko sentimita 1 ni sehemu ya jani. Vidogo zaidi visihesabiwe, na kanuni hiyo isibadilike hadi mwisho. Wadudu wote waingie kwenye alkoholi. Majani yaingie tanurini kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, kwa kawaida saa 48, kisha saga na uchome gramu 0.5 hivi kwa nyuzi 500, saa 4.

Watu wengi huruka uchomaji kwa kukosa tanuru, na hapo hesabu inaharibika. Jani la siku 28 lina udongo laini ulioganda ndani ya utando wa kuvu, ambao hautoki kwa kusuuza. Katika kijito kinachopita mashamba, udongo huo unaweza kufanya jani lionekane halijaliwa kabisa. Tafuta maabara ya udongo iliyo karibu. Wao hufanya kazi hiyo kila siku.

Hesabu

Kasi ya kuoza, *k*, ni logi asilia ya uzito wa mwanzo uliogawanywa kwa uzito uliobaki, kisha kugawanywa kwa siku. Uzito wote uwe usio na majivu.

Mfano wa kufuata hatua: majani ya gramu 5.00 yana unyevu wa asilimia 9, hivyo makavu ni 4.55. Hasara ya safari ni asilimia 3, inabaki 4.41. Majivu ni asilimia 8, inabaki 4.06. Hiyo ndiyo mwanzo. Siku ya 28, mfuko wa matundu makubwa una gramu 2.30 kavu zenye majivu asilimia 14, yaani 1.98. Wa matundu madogo una 3.15 zenye majivu asilimia 11, yaani 2.80.

Matundu makubwa: ln(4.06 ÷ 1.98) ÷ 28 = 0.0256 kwa siku.
Matundu madogo: ln(4.06 ÷ 2.80) ÷ 28 = 0.0133 kwa siku.

Katika mfano huu nusu ya jani huisha kwa siku 27 wanyama wakiwepo, na kwa siku 52 hivi wakizuiwa. Kwa kipimo cha kawaida, *k* zaidi ya 0.01 ni haraka, 0.005 hadi 0.01 ni wastani, chini ya hapo ni polepole. Ukiwa na tarehe zote tano, chora logi ya asilimia iliyobaki dhidi ya siku na uchukue mteremko wake, badala ya kutegemea tarehe moja.

Kulinganisha kijito cha nyuzi 13 na cha nyuzi 19, badili siku kwa jumla ya wastani wa joto la kila siku. Siku 28 za wastani wa nyuzi 15 ni 420. Bila marekebisho hayo, kijito cha chini chenye joto kitaonekana kina wanyama wachapakazi kumbe ni kuvu zimepashwa moto.

Kuona kuvu kwa macho

Hatua hii ni rahisi na haihitaji maabara kubwa. Chini ya maporomoko madogo, mahali povu jeupe au la rangi ya maziwa linapojikusanya nyuma ya gogo, chota povu kwa kijiko safi utie kwenye chupa. Litulie hadi liwe maji, weka tone kwenye kioo cha hadubini, funika, kuza mara 200. Utaona mbegu zisizo na rangi: nyingine kama nyota ya mikono minne, nyingine nyembamba zilizopinda kama herufi S. Povu hunasa mbegu hizi na kuzikusanya kwa wingi kuliko maji yenyewe. Kama povu halina chochote na kijito kiko chini ya shamba linalopuliziwa dawa za ukungu, umepata dokezo la kwanza kwa nini majani yako hayaliwi.

Kupima wingi wake, kata visahani 5 vya jani kutoka mfuko wa matundu madogo, vitie kwenye mililita 25 za maji ya kijito yaliyochujwa, tikisa saa 48 kwa joto la kijito, chuja maji hayo, paka rangi ya bluu ya tripani na uhesabu mbegu. Gawanya kwa uzito mkavu wa visahani.

Kupasua tumbo

Sura ya mdomo haitoshi kumpa mdudu kazi. Chukua wadudu 10 wa kila aina, wa ukubwa unaofanana, waliouawa papo hapo kwa alkoholi ya asilimia 95 au kwa barafu. Waliofia polepole hutapika au kujisaidia, na utumbo mtupu hausemi kitu.

Kata kichwa na pete ya mwisho ya mwili, shika utumbo kwa kibano upande wa mbele na uvute taratibu. Fungua sehemu ya mbele pekee. Utumbo wa nyuma umeshageuza kila kitu kuwa uji usiotambulika, na anayeusoma huo ataandika kwamba mdudu anakula matope. Sambaza kwenye tone la maji na gliserini, funika, kuza mara 100 hadi 400, na pima eneo la kila aina ya chembe kwenye vituo 10 vya kioo.

Kipande cha jani utakitambua kwa seli zenye kuta zilizonyooka na mirija yenye nyuzi zilizojizungusha kama springi. Dayatomu (mwani wa seli moja) ni kama vioo vilivyochongwa. Nyuzi za kuvu ni ndefu, nyembamba, zenye vikingo. Kucha na vipande vya magamba ni vya mnyama mwingine. Vipande vya jani vikizidi nusu ya eneo lote, mdudu huyo katika kijito hicho ni mlaji wa majani. Maneno "katika kijito hicho" yana uzito: buu yule yule mahali pengine anaweza kuwa mkusanyaji wa chembe.

Kupima alkali ya utumbo, tumia mdudu hai aliyepozwa kwa barafu dakika 10. Toa utumbo, ukate sehemu tatu, na ndani ya dakika moja bonyeza kila sehemu kwenye karatasi ya pH. Matone ya bluu ya thaimoli yanathibitisha: manjano chini ya pH 8, bluu juu ya 9.6. Thaimolftalini hubaki bila rangi hadi 9.3 na kuwa bluu kamili karibu na 10.5, ikiwa bluu kwenye utumbo wa kati wa tipula, umeona alkali inayotenganisha tanini. Ukichelewa, kabonidayoksaidi ya hewani na damu ya mdudu zinashusha kipimo, na wa kwenye alkoholi hapimiki kabisa.

Jaribio la ulaji

Weka majani kijitoni siku 14 kwenye mifuko ya matundu madogo. Kata visahani vya milimita 12 kwa kitobozi, ukikwepa mshipa wa kati. Kila kisahani cha mnyama kiwe na pacha wake kutoka upande wa pili wa mshipa wa jani hilo hilo. Pacha hukaa kwenye chombo kisicho na mnyama.

Vyombo 20 vya mililita 500, kila kimoja na mililita 300 za maji ya kijito yaliyochujwa, pampu ya hewa na visahani 5. Kumi vina mdudu mmoja mmoja, kumi havina. Wadudu wakae na njaa saa 24 kwanza ili tumbo lisafishike. Joto lisitofautiane na la kijito kwa zaidi ya nyuzi 2. Kaa kila mmoja apewe ndoo yake yenye jiwe la kujificha, maana wakiwekwa pamoja watakulana, hasa aliyetoka kubadili gamba.

Nyonya kinyesi kwa pipeti kila siku; kikiachwa, kitaliwa tena. Simamisha jaribio nusu ya visahani ikiwa imeliwa, kwa kawaida siku ya 4 hadi ya 6. Chombo ambacho chakula kimeisha kitupwe kwenye hesabu, kwani hujui mdudu angekula kiasi gani zaidi. Vilevile aliyebadili gamba katikati, kwa kuwa huacha kula.

Tuseme visahani vya pacha vina miligramu 62 na vya mdudu 38: amekula 24 kwa siku 5. Mdudu mkavu ana 20, hivyo anakula miligramu 0.24 kwa kila miligramu ya mwili wake kwa siku. Kinyesi kikiwa 19, amefyonza 5 kati ya 24, asilimia 21. Rudia kwa jani lisilolowekwa siku 14. Kwa kawaida ulaji hushuka sana, na tofauti hiyo ndiyo thamani ya kuvu kwa mdudu. Kwa mkaratusi, wenye mafuta na ngozi nene, jani huchukua wiki kadhaa zaidi kabla ya kuwafaa wanyama. Basi usihukumu jani hilo kwa siku 14 tu.

Matokeo yakikukanganya

Mifuko miwili ikitoa *k* sawa, kwanza fungua ya matundu madogo. Mara nyingi utakuta mabuu wa kironomidi (wadudu wadogo kama mbu wasiouma) waliokua humo kutoka mayai au waliopenya wakiwa wachanga, na mifuko imeacha kuwa kizuizi. Wahesabu. Kama hawapo, wanyama wa kijito hicho hawafanyi kazi kubwa kwa jani hilo, au wamekosekana kwa sababu ya dawa, mashapo au kukatwa miti ya ukingo.

Matundu makubwa yakifanana na madogo lakini mafungu yasiyo na mfuko yakaisha haraka, umekutana na kaa. Mwenye gamba la sentimita 3 hapiti kwenye tundu la milimita 10. Mikato ya kaa ni mipana yenye kingo zilizochanika na mara nyingi huacha mshipa wa kati. Ya trikoptera huacha jani kama kimia. Usiku, kuanzia saa mbili, pita kipande kile kile na tochi ukihesabu kaa kwa kila mita 10 ya ukingo, wapime upana wa gamba, warudishe. Mchana wamo chini ya mawe na kwenye mashimo ya ukingo, na neti ya wadudu haiwapati. Uzi wa kuvulia ukikutwa umekatwa na majani hayapo kabisa, usiandike kwamba yameliwa yote: kaa anaweza kuburuta fungu zima hadi shimoni, nawe huna njia ya kujua kiasi alichokula. Fungu hilo liondoe kwenye hesabu na uongeze mafungu mawili kwa kila nondo katika awamu inayofuata.